Runinga ya Kiti cha Katikati

Muuzaji aliponiuliza kama naichukua ile kubwa, nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti alichoniwekea mwenyewe katikati ya duka, na picha ilikuwa mbele yangu, pana kama mlango wa ghala. Nikasema naichukua. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyechunguza jambo lake mpaka mwisho, na kweli nilikuwa nimechunguza. Nilijua kila runinga iliyokuwa mle dukani inavyotengeneza picha yake. Kitu kimoja tu nilikuwa sijakiuliza, nacho hakikuhusu umeme.

Nianze na baba, kwa sababu runinga ile nilimnunulia yeye.

Mama alifariki mvua zilipokuwa zinakatika. Baba akabaki peke yake kwenye nyumba yetu ya zamani, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Manyoni mjini ninakoishi. Ng'ombe wachache waliobaki walikuwa wameshapelekwa kulala kwa ndugu, kwa hiyo hata zizi lilikuwa tupu. Tulizaliwa wanaume wawili. Mimi ndiye wa kwanza, na mdogo wangu alikuwa amehamia Iguguno, analima alizeti na mahindi kwenye ardhi ya ukweni kwake. Kwetu jambo kama hilo halina mjadala: mzee akibaki peke yake anakwenda kwa mtoto wa kwanza. Nikaenda kumchukua.

Alikuja na blanketi, fimbo, kibuyu cha tumbaku na kigoda chake cha miguu mitatu, alichokichonga mwenyewe kabla sijazaliwa. Kigoda kile hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Hata sisi wanawe, tangu utoto, tulikuwa tukikikuta njiani tunakizunguka. Alipoingia sebuleni kwangu alisimama, akatazama pande zote, akakiweka pembeni mwa mlango, ukuta wa kushoto. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Viti vyangu vilikuwa katikati, na hapo ndipo mke wangu aliketi na watoto. Kwetu mtu na mke wa mwanawe hawakai wakitazamana, wala hawakai bega kwa bega. Pale mlangoni baba aliweza kuketi na sisi bila kumkabili mkwe wake, na akitaka kutoka asipite mbele yake.

Jioni ile alinywa uji, akaniambia, "Nitakaa mpaka alizeti zivunwe. Nikiona nakaa tu kama gunia, nitakwenda kwa mdogo wako."

"Hutakaa kama gunia, Baba."

"Gunia nalo lina kazi, limebeba kitu," akasema. "Mimi sijabeba kitu."

Maneno yale niliyachukua kwa uzito. Nilitaka baba afie kwangu. Nasema wazi hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kutaka: mtoto wa kwanza amtunze mzee mpaka siku ya mwisho, amzike kwenye ardhi yake, na watu wakipita waseme alipumzika kwa mwanawe. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa msimu mmoja kumpa sababu ya kukaa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka kilipokufa, na wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani zao, nami nikatafuta mizani yangu. Nilinunua alizeti, nikakamua mafuta, nikauza kwa watu wa malori. Mambo yalininyookea. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu vilikuwa vimejaa madukani: mafriji, redio zenye spika ndefu kuliko mtoto, na runinga. Juu ya mabati ya Manyoni madishi yalianza kuota kama uyoga.

Baba alikuwa na desturi ya kwenda stesheni kila alasiri kutazama mabehewa. Aliyahesabu, akarudi kutueleza yamebeba nini, hata yaliyofungwa, maana alisema anajua kwa jinsi yanavyolia kwenye reli. Lakini magoti yake yalikuwa yanakataa. Siku moja alichelewa kurudi. Nilikwenda kumtafuta nikamkuta amesimama nje ya duka moja, ameshika nondo za dirisha. Ndani kulikuwa na runinga imewashwa. Ilionyesha ng'ombe wamesimama kwenye theluji mpaka magotini, moshi unawatoka puani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Njoo uone. Wale ng'ombe wanakula nini, na nchi yote imefunikwa?"

"Sijui, Baba."

"Si ulisoma sekondari?"

"Hilo hatukufika."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyegundua kuwa ada ililipwa bure. Njia nzima aliongea habari za ng'ombe wale. Walikuwa wanene, kwa hiyo walikuwa wanakula. Lakini walikula nini? Nilimsikiliza nikajua dawa ya ugunia nimeipata.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza, na sitasema uwongo, niliufurahia kuliko nilivyomfikiria baba. Manyoni tulikuwa na fundi wa redio na runinga, mzee kunizidi, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Nilikwenda kumwuliza runinga ipi kubwa inafaa. Alidhani nitakaa dakika tano. Nilirudi kila jioni kwa muda wa mwezi.

Siku ya kwanza alinifungulia ile ya zamani ambayo watu huiita chogo, kwa sababu ya kisogo kirefu ilicho nacho nyuma. Ndani kulikuwa na vumbi laini kama unga na chupa kubwa ya kioo yenye shingo. Nikanyoosha mkono.

"Karani, usiguse hapo."

"Si umeizima?"

"Mimi nimeizima. Yenyewe bado haijajizima."

Akanieleza kwamba chupa ile huhifadhi umeme wake hata waya ukitolewa, kama mtu anayetunza kinyongo. Shingoni mwake kuna kitu kinachorusha mshale wa umeme usioonekana, na mshale huo hupita juu ya kioo mstari baada ya mstari, upesi kuliko jicho. Kila mahali mshale unapogusa, kioo kinawaka. Kwa hiyo, alisema, hakuna wakati picha nzima ipo pale. Ipo nukta moja tu inayokimbia, na picha tunaimalizia wenyewe. Jambo hilo lilininyima raha siku nzima. Nilipima alizeti za watu nikiwaza nukta inayokimbia.

Siku nyingine alichovya kidole kwenye bakuli la kunawia, akadondosha tone la maji juu ya kioo cha runinga iliyokuwa inaonyesha shuka jeupe.

"Tazama ndani ya tone."

Nikatazama. Ndani ya tone niliona vijistari vyekundu, vya kijani na vya buluu vimepangwa kama matuta ya viazi.

"Nyeupe iko wapi?" nikauliza.

"Haipo. Nyeupe unaitengeneza wewe."

Nilimwambia mke wangu habari hiyo wakati wa chakula. Akanitazama, akasema, "Baba watoto, umekwenda kununua runinga au umekwenda kuoa?"

Kwa maneno ya fundi nilizijua zile nyingine kabla sijaziona. Kulikuwa na zile bapa, ambazo watu walizijumlisha zote kwa jina la flati, lakini fundi alisema kuna flati za aina mbili na hazifanani hata kidogo. Plazma ina vyumba vingi vidogo kuliko punje ya uwele, kila chumba kina hewa ndani yake, na umeme ukipita hewa ile inawaka. Kila punje ni taa. Ile nyingine, yenye majimaji, haiwaki. Nyuma yake kuna taa inayowaka wakati wote, na mbele kuna majimaji yanayofungua na kufunga kama vidirisha. Ile ya kwanza hutengeneza mwanga, ya pili huuzuia. Nilipenda sana kwamba vitu viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kufanya kazi kwa njia zinazopingana.

Halafu kulikuwa na ya projekta. Hiyo ni sanduku kubwa kama kabati la nguo. Chini kabisa kuna chupa tatu ndogo, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Zinapiga mwanga kwenye kioo cha kujitazamia kilicholazwa nyuma, na kioo kinaurudisha mbele kwenye pazia gumu la plastiki. Unachokiona ni kivuli kilichogeuzwa mara mbili. Wakati ule hakuna aina nyingine iliyoweza kukupa picha kubwa kama hiyo na mtu wa kawaida akaimudu.

"Ungekuwa ndugu yangu," fundi akasema siku ya mwisho, "ningekwambia chukua chogo ya inchi ishirini na tisa. Ni nzito, ni mbaya, ina kitambi nyuma. Lakini hata mbuzi anayepita mlangoni anaiona."

"Namnunulia mzee wangu, Fundi. Nataka kitu kikubwa."

"Akitazama atakuwa ameketi upande gani?"

"Sebuleni."

"Sebule ina pande nne, Karani."

Nikacheka, nikamwuliza tena habari za kile kioo cha kujitazamia, kwamba vumbi likikaa juu yake inakuwaje. Akanijibu la vumbi, la sebule akaliacha.

Sababu ya kuikataa chogo sikumwambia. Mdogo wangu kule Iguguno alikuwa nayo tayari, ya inchi kumi na nne, akiiwasha kwa betri ya gari. Mimi ni wa kwanza, nina umeme ukutani na mashine ya kukamua. Niweke nyumbani kwangu kitu kile kile alichonacho mdogo wangu, tofauti ikiwa ukubwa tu? Na yeye aliposikia natafuta runinga alituma salamu kwa dereva wa lori: "Mwambieni kaka akikosa kubwa ya kutosha apake ukuta rangi." Nilicheka mbele ya dereva. Moyoni sikucheka.

Basi nikaenda Singida mjini, kwenye duka jipya lililoleta mitumba ya Dubai. Kijana muuzaji aliniamkia vizuri, akaniacha nizunguke. Zilikuwa nne, zimewashwa zote, zikionyesha mpira ule ule. Nikaomba maji kwenye kikombe.

"Unataka kunywa, mzee?"

Nikachovya kidole, nikadondosha tone kwenye kioo cha chogo. Kijana akaja mbio. "Mzee, usiinyweshe."

Nikamweleza vijistari vitatu. Akainama, akatazama, akamwita mwenzake naye atazame. Kwa nusu saa pale dukani mimi ndiye nilikuwa mwalimu. Niliisogelea plazma nikahisi joto lake shavuni kama la mtu mwenye homa. Ilikuwa nzuri kuliko zote na ilionekana vizuri kutoka pembe yoyote. Lakini kijana alikiri kwamba haivumilii umeme unaopanda na kushuka, na umeme wa Manyoni haukuwa na kazi nyingine. Ile ya majimaji ilikuwa ndogo, na nyeusi yake ilikuwa ya majivu. Nilielewa kwa nini: vidirisha havifungi kabisa, taa ya nyuma inapenya. Nilifurahi kuona kwa macho yangu jambo nililoambiwa kwa maneno.

Mwisho akanikalisha mbele ya projekta. Kiti chake kilikuwa kimepimwa, nadhani, maana kilikuwa katikati kabisa, umbali wa hatua nne. Wachezaji walikuwa wakubwa kama watoto wangu. Nikainuka ili nisogee karibu, na picha ikafifia. Nikaketi, ikarudi. Nikainuka tena, ikafifia tena, kama mtu anayeinamisha macho. Nikasogea pembeni, uwanja ukawa wa usiku. Nikarudi katikati, jua likawaka.

"Inakusalimu hiyo, mzee," kijana akasema. "Inataka uketi kwa heshima."

Nikacheka. Niliinuka na kuketi labda mara sita, nikijieleza mwenyewe kwamba bila shaka pazia lile la plastiki lina mifereji midogo inayoelekeza mwanga mbele ili usipotee bure, na ndiyo maana picha inang'aa. Na ndivyo ilivyo, fundi alinithibitishia baadaye. Dosari yake niliiona kwa macho yangu mawili, nikaichezea kama mtoto anayechezea kivuli chake. Kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa.

Ilipakiwa juu ya magunia matupu ya alizeti. Nyumbani haikupita mlangoni mpaka tukang'oa fremu. Ukuta ulioweza kuipokea ulikuwa mmoja tu, ule unaotazamana na viti. Tulipoiwasha, barabara ilikuwa imezitikisa zile chupa tatu, na msomaji wa habari alikuwa na watu wawili nyuma yake, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Baba alikuwa stesheni. Nikamwita fundi. Alikuja, akaleta misalaba mitatu kwenye pazia, mmoja kwa kila rangi, akaisogeza kidogo kidogo mpaka ikawa msalaba mmoja mweupe. Nilisimama nyuma yake nikijua kuwa weupe ule nautengeneza mimi.

Alipokuwa anafunga vifaa vyake akakiona kigoda pembeni mwa mlango.

"Kile cha nani?"

"Cha mzee."

Akaitazama runinga, akakitazama kigoda, kilivyo chini na kilivyo pembeni. "Kisogeze."

"Hakisogezwi, Fundi. Unajua mwenyewe."

Alijua. Hata yeye alikuwa na wakwe. Akachukua mfuko wake, akaaga.

Baba aliporudi nilimwonyesha. Majirani walikuwa wameshajaa, na mke wangu alikuwa anagawa maji ya kunywa. Baba akaketi mahali pake, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Unaonaje, Baba?"

"Ni kubwa," akasema. "Mwanangu, hii ni kubwa kweli."

Siku zilizofuata aliketi nasi kila jioni. Aligeuza sikio, siyo uso. Nilidhani ni usikivu wa wazee. Habari zikiisha alikuwa akisema, "Redio yako inasema vizuri," na watoto wakacheka, nami nikacheka, tukidhani ni jina alilozoea. Aliuliza mambo ambayo yalikuwa wazi mbele yetu. Huyo anayelia ni nani? Hapo wamefika au bado wako njiani? Mke wangu aliniambia jikoni, "Mbona Baba anauliza vitu vinavyoonekana?"

"Ni uzee," nikamjibu.

"Behewa la stesheni anajua limebeba nini likiwa limefungwa."

Nikatoka nje. Nilikuwa na mashine ya kukamua inayonisubiri.

Jioni moja wakaonyesha tena ng'ombe kwenye theluji. Nilifurahi mno. Nikaita, "Baba, ng'ombe wako wale."

Akainua kichwa. "Eeh."

"Umeona wanachokula?"

"Nimeona."

"Wanakula nini?"

Akapapasa fimbo yake. "Wanakula wanachopewa," akasema.

Nyumba nzima ikacheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Kesho yake nilimsimulia kila mteja jibu la mzee wangu.

Alizeti zikavunwa. Baba alinisubiri nimalize kupima mzigo wa mwisho, akaniambia anakwenda kwa mdogo wangu. Alisema kwa upole, kama anayeomba maji. Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu.

"Hata hii niliyokuletea haitoshi?"

"Inatosha. Ni nzuri."

"Sasa unakwenda kufuata nini Iguguno? Kile kijisanduku cha betri?"

"Ninakwenda kumwona mdogo wako," akasema. "Naye ni mwanangu."

Desturi ilitaka nimsindikize mwenyewe mpaka mlangoni kwa mdogo wangu, nimkabidhi kwa mkono. Sikwenda. Nilisema nina kazi. Mdogo wangu alikuja kumchukua, akabeba blanketi na kibuyu, na baba akabeba kigoda chake mwenyewe. Mdogo wangu alisimama mbele ya runinga, akaizunguka, akasema, "Kaka, hii ukiichoka unaweza kupangisha." Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Kisha nikakaa karibu mwaka mzima bila kwenda kumwona baba. Nilituma vitu: sukari, mafuta, shuka. Mwenyewe sikwenda. Nilijisemea kwamba mzee amechagua.

Ugunduzi ulikuja kwa sababu ya soketi. Ilikuwa ukuta wa kushoto, pembeni mwa mlango, na ilikuwa inatoa cheche. Jioni moja nilichuchumaa pale na bisibisi, runinga ikiwa imewashwa, na watoto nyuma yangu wakashangilia kitu. Nikageuza kichwa nione. Hapakuwa na kitu. Niliona mwanga hafifu wa kijivu, kama moshi nyuma ya pazia, na sauti ikitokea ndani yake. Nikainua kichwa kidogo, vikatokea vivuli. Nikakirudisha pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kwenye kigoda kingekuwa, ikawa giza.

"Umeona panya?" mke wangu akauliza.

"Njoo ukae hapa."

Mahali pale hakuwahi kupakalia. Hakuna aliyewahi, maana kigoda kilikuwepo. Akatandika kanga, akaketi, akatazama. Alikaa muda mrefu. Kisha akavuta ncha ya kanga akajifunika mdomo, akasema kwa Kinyaturu neno ambalo mama zetu hulisema msibani.

Baba alitazama giza miezi mitano. Alilitazama kwa adabu, jioni kwa jioni, akasema ni kubwa, ni nzuri, kwa sababu aliniona nimefurahi. Hakuweza kuhamia katikati, kwa heshima ya mkwe wake. Hakuna kati yetu aliyeweza kukijaribu kigoda chake, kwa heshima yake. Ningeweza kupanga viti upya. Ningeweza kupanua ukuta mwingine. Ningeweza kumsikiliza fundi. Na zaidi ya yote ningeweza kumwuliza baba swali moja lisilo na jibu la adabu: msomaji wa habari leo amevaa nini?

Hata baada ya kujua sikwenda upesi. Aibu ina visingizio vingi. Nilitaka kwanza ninunue chogo ya inchi ishirini na tisa, niiweke, ndipo nimfuate. Nikasubiri mzigo wa mafuta utoke. Nilipofika Iguguno miezi miwili ilikuwa imepita.

Nilimkuta baba sebuleni kwa mdogo wangu, kwenye kigoda chake, ukuta wa pembeni vile vile. Mke wa mdogo wangu alikuwa upande wa pili, amegeukia mlango, anapepeta mtama. Ile chogo ndogo ilikuwa juu ya meza kwenye kona, na macho ya baba yalikuwa juu yake. Uso ulikuwa umeelekea mbele, siyo sikio. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa, na kabla sijafungua mdomo akaniambia:

"Wale ng'ombe. Wanakula majani makavu. Watu wa kule wanayakata wakati wa jua, wanayakunja kama mikeka, wanayatunza ghalani. Mdogo wako hakujua. Nimewafundisha watu wote hapa."

"Nimeijua ile soketi, Baba," nikasema, na nikaona nimesema upuuzi. Nikaanza upya. "Nimekaa mahali pako. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefika mbali kuitafuta," akasema.

"Nimenunua nyingine. Inaonekana kutoka popote. Twende nyumbani."

"Mzee si mzinga wa nyuki, leo kwenye mti huu, kesho kwenye mti ule. Hapa nimezoea." Akaelekeza kidole kwenye kijisanduku. "Na hapa naona."

Mke wa mdogo wangu aliendelea kupepeta bila kuinua macho. Niliondoka kesho yake asubuhi.

Nilikwenda tena mara mbili. Mara ya nne niliitwa. Baba alifariki wakati wa upepo wa kipupwe, na akazikwa pale pale Iguguno, nyuma ya nyumba ya mdogo wangu. Kwetu kigoda cha mzee hupewa mtoto ambaye mzee alifia kwake, kwa hiyo wazee walipoita jina la wa kukipokea hawakunitazama mimi. Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili, akajaribu kunipa. Nikakataa, kwa kuwa hakikuwa changu.

Ile kubwa iliendelea kwa miaka michache, kisha chupa ya buluu ikafa, dunia ikawa ya manjano, tukaitoa nje. Kwa muda mrefu kuku walitagia ndani yake, juu ya kile kioo cha kujitazamia.

Nilikaa na baba yangu miezi minane tu. Kisha aliishi miaka miwili na ushee kwa mdogo wangu, akiwa na macho mazima na maswali mengi, na katika miaka hiyo nilimwona mara tatu. Mwaka mmoja kati yake nilimkasirikia kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Hiyo ndiyo gharama ya runinga ile: miaka ya mwisho ya baba yangu, na kaburi lake, ambalo nikitaka kuliona lazima nibishe hodi kwenye nyumba ya mtu mwingine.